Wenye saluni za kucha Mbeya, Iringa, Njombe: ile bima uliyokatwa kwenye mkopo haihusu fremu yako

kucha_mwanjelwa

Mugonile watu wa Mbeya, kamwene Iringa na Njombe. Uzi ni mrefu naomba mnivumilie, nimekaa nao moyoni tangu mwezi wa saba na kila nikipita Kabwe nikaona fremu mpya ya kucha imefunguliwa, taa za pinki, mabinti wamejaa ndani na jiko la mkaa katikati, roho inanienda mbio.

Nina fremu Mwanjelwa, mwaka wa nne sasa. Nilianza na meza moja na kibegi cha rangi, baadae nikachukua mkopo benki milioni 8 nikaweka viti viwili vya kuoshea miguu, taa nne za jeli, drili, shelfu la rangi, sofa la wateja na tivii. Siku nachukua mkopo nikakatwa ada ya fomu na kitu kingine kimeandikwa bima. Nikasaini. Kichwani mwangu nikajua tayari saluni ina bima, na wenzangu nilikuwa nawaambia kabisa mi saluni yangu ina bima.

Mwezi wa saba mnajua baridi yetu ilivyo, mteja anakuja asubuhi vidole vimekufa ganzi hata kumshika mkono unaona huruma, kwa hiyo tukawa tunawasha jiko ndani mlango umerudishiwa. Siku hiyo binti wangu wa kazi alikuwa anatoa jeli ya mteja, kamimina asetoni kwenye bakuli, dumu la lita tano kaliacha chini pembeni ya meza halijafungwa. Hakuna aliyemwaga kitu jamani. Hakuna kilichorukia kwenye jiko. Tuliona tu moto umetambaa sakafuni kutoka kwenye jiko mpaka kwenye dumu, kufumba na kufumbua pazia limeshika, sofa limeshika, moshi mweusi hamuonani. Mteja alitoka salama namshukuru Mungu, binti aliungua mkono wa kushoto mpaka karibu na kiwiko.

Kijana wa zimamoto ndo alinielekeza baadae. Mvuke wa asetoni ni mzito kuliko hewa, haupandi juu, unashuka chini unatambaa mpaka ukutane na moto, na asetoni inatoa mvuke wa kushika moto hata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa hiyo hii baridi ya Mbeya kwake si kitu. Miaka minne nafanya kazi na ile kitu mkononi na hakuna aliyewahi kuniambia, hata pale nilipojifunzia kucha hawakuniambia.

Sasa nikaenda benki na makaratasi yangu na picha, nikiwa na matumaini kabisa. Afisa akafungua mkataba akanisomea. Bima niliyokatwa ni ya maisha ya mkopaji. Yaani ningekufa au ningepata ulemavu wa kudumu ndo kampuni ya bima ingelipa deni langu lililobaki. Fremu haimo. Viti havimo, mteja hayumo, binti wangu hayumo. Nilikaa pale kwenye kiti sijui nimuulize nini tena. Nimepoteza vitu vya kama milioni 11 na rejesho la mkopo liko palepale kila mwezi mpaka leo naandika.

Kwa hiyo ninachowaomba, leo leo usiku toa mkataba wako wa mkopo kwenye begi usome hicho kipengele cha bima. Afu wenye uelewa waje hapa watufundishe saluni ya kucha inahitaji bima ipi hasa, maana najua niko na wengi.

---

dada_makambako

Pole sana dada angu. Pole na binti pia. Mi nimesoma nimeacha kula nikaenda kutoa makaratasi, na yangu imeandikwa hivyohivyo "bima ya maisha ya mkopo", miaka yote najua ni ya duka.

---

wakala_bima_mby

Pole sana dada. Niseme mapema mi ni wakala wa bima hapa mjini, sitaji kampuni wala namba, nachangia kwa sababu hili jambo naliona karibu kila wiki.

Alichosema ndicho kilivyo. Mabenki mengi siku hizi yanauza na bima za aina nyingine kama mawakala, kwa hiyo inawezekana kabisa ukaipata bima ya moto hukohuko benki, lakini ni karatasi nyingine na unalipia kivyake. Na hata ukikuta benki imekukatia bima ya moto ya mali, angalia nani kaandikwa kulipwa kwanza. Mara nyingi ni benki, inachukua deni lake ndo kinachobaki unapewa wewe.

Sasa kwa saluni ya kucha, ukinikuta ofisini nitakuuliza vitu vinne. Kikiungua utafanyaje, kikiibiwa utafanyaje, mteja akiumia utafanyaje, mfanyakazi akiumia utafanyaje. Kila swali lina bima yake na watu wengi wanakuja wamejibu la kwanza tu.

Bima ya moto inabeba moto, radi, na ukitaka unaongeza mafuriko, upepo, bomba kupasuka. Thamani ya vitu unaiandika wewe mwenyewe na hapa ndo watu wanaumia. Mtu ana vitu vya milioni 12 anaandika milioni 6 ili alipe kidogo. Vikiungua vya milioni 4 anategemea milioni 4 maana iko chini ya 6. Halipwi hivyo. Kampuni inasema umekata bima ya nusu kwa hiyo hasara tunabeba nusu, unapewa milioni 2, na hapo bado hawajatoa ile eksesi, sehemu ya kwanza ya hasara ambayo kwa mkataba unaibeba mwenyewe. Nimekaa na mama mmoja akilia kwenye hili na sikuwa na cha kumsaidia, ilishaandikwa.

Kingine, waambie una asetoni. Waambie una lita ngapi, unaweka wapi, unatumia jiko gani. Watu wanaficha wakijua bei itapanda. Bei inaweza kupanda kweli, lakini ukificha na moto ukatokea hapohapo kwenye asetoni, wana sababu ya kukataa dai lote.

---

mpangaji_kabwe

Mkuu hapo kwenye moto nna swali. Mi nina kinyozi na dada mmoja wa kucha kwa ndani. Mwenye jengo anasema jengo lina bima kwa hiyo sisi wapangaji tutulie, na ni kweli nimeona kabandika karatasi.

---

wakala_bima_mby

Bima yake ni ya kuta na bati lake. Majengo ya biashara yaliingizwa kwenye bima ya lazima na Sheria ya Fedha ya 2022 pamoja na masoko ya umma, ndo maana wenye majengo wengi wamekata. Ila vitu vyako ndani ya fremu hiyo bima haivijui.

Na kuna kitu wapangaji hawakifikirii kabisa. Moto ukianzia kwako kwa uzembe, kampuni ya bima ikishamlipa mwenye jengo, ina haki ya kusimama kwenye nafasi yake na kukufuata wewe urudishe. Siyo kutishana, ndivyo bima inavyofanya kazi duniani kote. Ukikata bima yako omba waongeze kipengele cha uharibifu wa jengo ulilopanga.

---

kucha_mwanjelwa

Hili la kufuatwa sikulijua hata chembe. Mwenye fremu wangu jengo lake halikuwa na bima na tumeelewana nimepaka rangi na kubadilisha dari. Kumbe ingekuwa na bima ningeweza kuletewa barua. Ahsante mkuu, ndaga fijo.

---

mzee_wa_soweto

Wanangu sisi wa Mbeya hatuhitaji kuhadithiwa moto. Mwanjelwa iliungua 2006 nikiwa na kibanda cha vitenge, soko la SIDO likaungua 2017 shemeji yangu akiwa na magodoro. Kule Dar Kariakoo 2021, tarehe 10 mwezi wa saba. Kila mara watu wanasimama barabarani wanaangalia majivu, na ukiwauliza mwenye bima nani, wanakuangalia. Mimi 2006 sikuwa nayo. Nilianza upya na mtaji wa kukopa kwa kaka yangu, ilinichukua miaka sita kurudi pale nilipokuwa. Watoto wangu wawili walichelewa shule kwa sababu ya ule moto. Huyu binti anachosema msikilizeni.

---

mama_kucha_kihesa

Kamwene. Poleni dada na ahsante kwa kulianzisha. Mi niko Kihesa, wateja wangu wengi wanafunzi na wafanyakazi wa maofisini. Moto sijawahi kupata, langu lilikuwa la mteja.

Mama mmoja mtu mzima alikuja kuosha miguu, na hakuniambia kama ana kisukari na mimi sikuuliza, kosa langu hilo nalikubali mpaka kesho. Nikakata ngozi pembeni ya kidole gumba, ikatoka damu kidogo tu tukafuta tukaendelea. Baada ya wiki mbili mwanae akanipigia, kidole kimevimba, kina usaha, mama yuko hospitali. Walimuokoa kidole lakini alilazwa siku nyingi na gharama zote familia ikaniletea mimi. Tulikaa kikao kwa balozi, nililipa kwa awamu, jumla ilikuwa kama faida yangu ya miezi mitano. Nina bima ya moto mimi, mwaka wa pili huo. Nikaenda na makaratasi ya hospitali wakaniambia kwa upole kabisa mama hii ni ya moto.

Ndo nikajua kuna ya kumuumiza mteja. Wanaita bima ya dhima kwa umma.

---

wakala_bima_mby

Pole mama. Naongezea hapo maana ndo penyewe pa biashara ya kucha, na kuna mtego.

Bima ya dhima kwa umma ya kawaida inabeba mteja akiteleza kwenye sakafu yenye maji, shelfu likimwangukia, akipigwa shoti na waya wako. Madhara yaliyotokana na huduma yenyewe, yaani umemkata, umemuunguza na taa ya jeli, drili imempasua kucha, rangi imemletea aleji, mikataba mingi inayaweka pembeni, wanasema hayo ni ya kitaaluma. Kwa hiyo usiulize tu "inabeba mteja akiumia?" maana utajibiwa ndiyo. Uliza hivi, "nikimkata mteja na kidole kikaoza, mnalipa?" na jibu uonyeshwe kwenye karatasi, neno la mdomo halitakusaidia. Kama halimo omba liongezwe, na likiongezwa watataka kujua fundi wako kajifunza wapi na vifaa unasafishaje.

Mama wa Kihesa umesema kitu kingine bila kujua. Ulikaa kikao ukakubali kulipa. Ukiwa na hii bima usikubali kosa wala kuahidi hela kabla hujaitaarifu kampuni, mikataba karibu yote inakataza. Mpeleke mteja hospitali, msaidie kama binadamu, ila kuandikiana makubaliano ngoja kwanza.

---

muuguzi_uyole

Naingilia kidogo upande wa afya. Vidole vya hivyo tunaviona sana, na sio kisukari peke yake. Ile ngozi mnayokata pembeni ya kucha ndo mlango wenyewe wa vijidudu, ikikatwa mlango umefunguliwa. Kuna fangasi, kuna usaha, na vifaa vyenye damu kuna homa ya ini B ambayo inaambukiza kirahisi kuliko watu wanavyodhani, kirusi chake kinaweza kukaa hai kwenye kifaa kikavu siku saba. Kufuta na spiriti haraka haraka wakati mteja mwingine amekaa anasubiri haitoshi. Osha na sabuni kwanza uchafu utoke, ndo uchemshe au uweke kwenye mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, na faili za kusugulia kila mteja na yake au utupe.

Na haya masinki ya kuosha miguu yenye mapovu. Marekani mwaka 2000, mji wa Watsonville kule California, wateja zaidi ya 100 wa saluni moja walitoka majipu miguuni, mengine yalikaa miezi. Wachunguzi walipofungua chujio la yale masinki wakakuta nywele na ngozi zimeganda nyuma, bakteria wamejenga humo. Na wanawake walionyoa miguu kabla ya kuja ndo walikuwa kwenye hatari zaidi. Nawaomba jioni ya leo fungueni chujio la sinki lako uangalie.

---

kucha_mwanjelwa

Nesi ubarikiwe. Viti vyangu viliungua lakini nakumbuka sijawahi kufungua hilo chujio hata mara moja, na hakuna aliyeniambia linafunguka.

---

jeli_na_tipsi_njombe

Wadau na rangi zenyewe? Mi nachukua mzigo Tunduma na Kariakoo, nyingine chupa haina hata jina la kiwanda. Mteja akipata aleji nani analipa?

---

wakala_bima_mby

Kama chupa haina jina hapo utakuwa peke yako. Vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, tangu 2019, kampuni ya bima ikikuta rangi haijulikani ilikotoka itakuuliza risiti ya ulikonunua, na huna. Tunza risiti za EFD za kila mzigo. Zinakusaidia mara mbili, kwenye aleji na kwenye moto, maana siku fremu imeungua utathibitishaje ulikuwa na rangi 200 ndani?

Fuatilieni na yanayoendelea nje. Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kiungo kinaitwa TPO kwenye rangi za jeli kuanzia tarehe 1 Septemba 2025, ndo kile kinachofanya jeli ikauke kwenye taa. Mzigo uliokataliwa kwao unaweza kabisa kutafuta soko huku. Soma chupa.

---

mpangaji_kabwe

Na wizi mkuu? Huku kwetu ndo kila siku.

---

wakala_bima_mby

Wizi wa kuvunja. Wataangalia kufuli limekatwa, dirisha limeng'olewa, bati limefunuliwa, na namba ya RB kutoka polisi. Taa ya jeli ikiondoka mchana kwenye begi la mteja, au fundi wako akiondoka na drili, hiyo bima haiwezi. Ya wafanyakazi ipo kivyake, inaitwa ya uaminifu, ila kwa fremu ya mafundi wawili mi sikushauri uanze nayo, weka hela kwenye moto na mteja kwanza.

---

dada_makambako

Samahani naomba niulize ninachoona aibu kuuliza. Mi fremu yangu ndogo, vitu vyote havifiki hata milioni 3, nina msichana mmoja. Hivi na mimi nakubaliwa au hizi ni za wenye saluni kubwa? Na kwa huyu msichana nafanyaje?

---

kucha_mwanjelwa

Mdogo wangu usione aibu, hapa nikujibu mimi maana ya msichana ndo iliniumiza kuliko viti.

Binti wangu nilimtibu kwa hela ya mfukoni, na hela ilikuwa haipo kwa sababu fremu imeungua, nikauza friji la nyumbani. Baadae nikaambiwa kuna WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, na mwajiri anatakiwa ajisajili hata kama ana mfanyakazi mmoja. Mchango ni asilimia 0.5 ya mshahara, analipa mwajiri, haukatwi kwa mfanyakazi. Piga hesabu, ukimlipa laki tatu kwa mwezi mchango wake ni 1,500. Elfu moja na mia tano! Ningekuwa nailipa, matibabu yake yangekuwa mikononi mwa mfuko, na zile siku ambazo hakuweza kufanya kazi kuna utaratibu wa kumlipa. Mimi nilikaa namuangalia na bandeji yake nikiwaza hiyo hela hata vocha ya simu inaizidi. Nimeshamsajili. Mkono umepona ila vidole viwili havikunji vizuri, saivi anapaka rangi tu, kusugua nafanya mimi.

Kuhusu udogo, nimezunguka ofisi tatu hapa mjini mwezi uliopita na hakuna walionifukuza. Moja walisema wana kifurushi cha wafanyabiashara wadogo kinachounganisha moto, wizi na dhima kwenye mkataba mmoja. Wote walisema kitu kimoja, hulipi hujakatiwa. Ukiambiwa lete nusu nyingine mwisho wa mwezi na moto ukatokea katikati usitegemee kitu.

---

wakala_bima_mby

Sahihi kabisa. Na ukishalipa, hakikisha bima yako imeingia kwenye TIRA MIS, mfumo wa TIRA ambao ndo mamlaka ya serikali inayosimamia bima, unaangalia kwa simu tu. Wapo matapeli wanaotembea na vitabu vya risiti. Kama kampuni ikikuzungusha kwenye dai, andika malalamiko kwao kwanza kwa barua ubaki na nakala, afu nenda ofisi ya TIRA ya kanda, ya Nyanda za Juu Kusini ipo hapa Mbeya. Kuna na Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, alianzishwa kwa Sheria ya Bima ya 2009 kwa ajili ya watu kama nyie, huhitaji wakili.

---

fundi_wa_kutembea_tunduma

Mi sina fremu, nafuata wateja majumbani na kwenye maharusi, begi langu tu. Nimesoma uzi wote naona hainihusu au?

---

wakala_bima_mby

Inakuhusu sana. Moto wa fremu ndo haukuhusu, ila kidole cha bibi harusi kinakuhusu. Bima nyingi zinaandika anwani ya eneo la biashara, kwa hiyo waambie wazi kwamba unafanyia kazi kwa wateja, waandike hivyo, la sivyo ukimuunguza mtu sebuleni kwake utaambiwa halikuwa eneo lililokatiwa.

---

kucha_mwanjelwa

Ahsanteni wote, sikutegemea uzi ungefika hapa. Niwape nilichobadilisha kwangu afu niende kulala. Jiko la mkaa limetoka, siku za baridi mteja nampa beseni la maji ya moto aloweke mikono kabla sijaanza. Asetoni ndani ni chupa ya nusu lita yenye kifuniko cha kubonyeza, dumu liko stoo ya nje. Mlango na dirisha la nyuma viko wazi hata kukiwa na baridi, nimewanunulia wateja mashuka mazito ya kujifunika magotini na wanayapenda. Mtungi wa kuzimia moto wa unga upo pembeni ya mlango, na namba 114 ya zimamoto nimeandika ukutani kwa rangi ya kucha nyekundu.

Kila Jumapili napiga picha ya shelfu na viti napeleka kwenye barua pepe yangu, maana picha za zamani ziliungua na simu. Na kwenye meza kuna daftari, mteja akikaa tunamuuliza kisukari, presha, aleji, ana kidonda, anasaini. Wengine wanashangaa ila wanajibu.

Ijumaa naenda kulipia. Nimeandika milioni 9, ndo thamani ya vilivyomo saivi, nimehesabu mpaka mswaki wa kusafishia drili. Mdogo wangu wa Makambako kama uko mjini siku hiyo njoo Mwanjelwa saa nne twende wote.

---

dada_makambako

Nakuja dada. Napanda basi la saa kumi na moja alfajiri.